Uzuri wa Dunia: Haki au Hisani?

Yako mambo ambayo watu wote hukiri kuwa ni haki ya mtoto: chakula, mavazi, malazi, matibabu na elimu. Lakini mtu akiuliza kama kivuli cha mti, sauti ya ndege na maji safi ya kijito ni miongoni mwa haki hizo, wengine hucheka, na wengine hunyamaza. Swali hili lastahili jibu lililo bora kuliko kicheko na kimya.

Mji wa Nairobi wafaa kuwa mfano. Kusini mwake iko hifadhi ya wanyama iliyofunguliwa mwaka 1946, yenye kilometa za mraba 117 hivi, ambamo simba na kifaru huishi mkabala na majumba marefu. Kaskazini uko msitu wa Karura, wenye hekta zaidi ya 1,000. Lakini katika mji huo huo upo mtaa wa Kibera, ambao jina lake latokana na neno la Wanubi lenye maana ya msitu. Msitu umekwenda, jina limebaki. Mtoto wa hapo huweza kukua mpaka akawa mtu mzima bila ya kumwona twiga, ambaye wageni huvuka bahari kuja kumtazama. Methali husema, penye miti hapana wajenzi. Hapa wajenzi ni tele, na miti ndiyo iliyokosekana.

Juhudi zimefanywa. Mwaka 1968 vilianza nchini Kenya vyama vya wanafunzi vya kuwajua na kuwalinda wanyama wa porini, na mwaka 1980 Tanzania ikaanzisha vyama vya Malihai. Kwa njia hiyo vijana wengi walitolewa darasani wakasomeshwa na mbuga yenyewe. Walakini chama cha shule humfikia mwanafunzi. Kijana aliyeacha shule kwa kukosa karo, akawa mchukuzi sokoni au mwokota chupa, hubaki nje ya shule na nje ya msitu pia.

Wako wasemao kwamba kumpeleka mtoto mwenye njaa msituni ni dhihaka: apewe mkate kwanza, maua yatafuata. Hoja hii ina uzito, lakini yachukulia kwamba mahitaji ya mtu hupangwa kama vidato vya ngazi, hata asiweze kuhitaji cha pili mpaka amekidhiwa cha kwanza. Maisha hayako hivyo. Mama maskini hangoji mwanawe ashibe ndipo ambembeleze kwa wimbo. Aghalabu humwimbia hasa usiku ule ambao chakula kimepunguka. Wimbo si badala ya chakula, wala chakula si badala ya wimbo. Aliyenyimwa vyote viwili amedhulumiwa mara mbili.

Hoja ya pili ni kali zaidi. Yasemwa kwamba safari ya siku moja huumiza. Vijana hupakiwa katika basi asubuhi, huonyeshwa nyasi na swala, hupigwa picha pamoja na wafadhili, hufundishwa kushukuru, na jioni hurejeshwa kwenye vichochoro vyao. Wameonjeshwa asali, kisha mzinga ukaondolewa. Hoja hii haina budi kukubaliwa. Hisani ya namna hiyo humfundisha kijana kwamba uzuri ni wa watu wengine, na kwamba yeye hufika kwao kwa mwaliko tu.

Dawa yake, hata hivyo, si kuiacha safari, bali ni kumbadili msafiri kutoka mgeni awe mwenyeji. Mwaka 1999 Wangari Maathai na wenzake walipigwa walipojaribu kupanda miti katika msitu wa Karura, wakati ardhi yake ilipokuwa ikigawiwa watu binafsi. Waliutetea msitu kwa sababu ulikuwa mali ya umma. Basi ikiwa ni mali ya umma, kijana wa Mathare ni mmoja wa wenyewe, na mwenye mali haalikwi nyumbani kwake. Yafaa aingie mara kwa mara, bila ya kiingilio kumfungia lango. Aongozwe na watu wa mtaa wake. Akabidhiwe kazi ya kuotesha miche, kuhesabu ndege na kuyajua majina yao.

Tena, kazi hiyo isiishie msituni. Mto Mathare hupita katikati ya nyumba za maskini umebeba taka za mji. Maji yake huingia katika mto Athi, na mwisho humwagika baharini karibu na Malindi kwa jina la Sabaki. Kijana aliyeona kijito safi hujua kwamba uchafu wa mto wa kwao si amri ya Mungu, bali ni matendo ya watu, na yaliyotendwa na watu huweza kutenguliwa na watu. Ujuzi huo huwaudhi wengi, maana humfanya aulize maswali.

Hapo ndipo haki hupambanuka na hisani. Hisani humwachia mtoto deni la shukrani. Haki humwachia wajibu. Anayeambiwa kwamba msitu ni wake huweza pia kuambiwa aulinde. Asiyeambiwa hivyo halaumiwi siku atakapoukata kuni.