Aliyetii Ndiye Anayelipa

Soko la usiku likifungwa, tangazo huwa fupi: fujo zimezidi, barabara imezibwa, uchafu umekithiri, vibaka wanajichanganya na wateja. Huenda yote hayo ni kweli. Lakini kuna jambo ambalo tangazo halilitaji na kila mwenye meza pale analijua: kanuni zilikuwapo tangu mwanzo, na muda wote huo zilikuwa zikimbana huyu na kumwacha yule. Nadhani uholela huanzia hapo, kabla mfanyabiashara hajavunja kanuni yoyote.

Tuchukue Dar es Salaam. Maduka ya Kariakoo yanapoanza kufungwa jioni, maturubai hutandikwa mbele yake. Mbagala na Manzese majiko ya mishkaki na chipsi huwashwa kando ya barabara, na watu wanaotoka kazini hununua hapo kabla ya kuingia nyumbani. Wapo wanaofunga kamba kwenye pembe nne za turubai, ili mgambo wakitokea mtu avute mara moja, viatu vyote vigeuke furushi, akimbie nalo. Hatua tatu kutoka kwake kuna meza isiyo na kamba yoyote. Mwenye meza hiyo hana wasiwasi; ameshaongea na wahusika. Kanuni ni moja, mtaa ni mmoja, saa ni ileile. Mmoja ameizoea sheria kama kitu cha kukimbiwa, mwingine kama kitu cha kununuliwa. Nani kati yao angejifunza kuiheshimu?

Na si mtu na mtu tu, hata mwaka na mwaka. Mwishoni mwa 2016 Rais Magufuli aliagiza machinga wasibughudhiwe. Desemba 2018 aliwakabidhi wakuu wa mikoa vitambulisho 670,000 vya wajasiriamali wadogo, kila kimoja kwa Sh20,000, kwa wale ambao mauzo yao hayazidi Sh4 milioni kwa mwaka. Watu walilipa, wakavivaa shingoni, wakaamini wametambuliwa. Oktoba 2021 waliokuwa kando ya barabara na mbele ya maduka jijini wakatakiwa kuhama, na vibanda vikavunjwa. Silaumu nia ya kuupanga mji. Mtembea kwa miguu ana haki yake, na mwenye duka anayelipa pango, leseni na kodi ana hoja nzito, ingawa inafahamika kuwa baadhi ya wenye maduka ndio waliokuwa wakiwapa machinga bidhaa za kuuza nje. Ninachosema ni kwamba kitendo kilekile, mahali palepale, kilikuwa kosa, kikawa ruhusa, kikapewa kitambulisho, kisha kikawa kosa tena, ndani ya miaka michache.

Lon Fuller, mwanafalsafa wa sheria wa Marekani, aliorodhesha katika kitabu chake cha 1964, The Morality of Law, njia nane ambazo mtunga sheria anaweza kushindwa kazi yake. Mojawapo ni kubadili kanuni mara kwa mara hadi mtu asijue ashike lipi. Nyingine ni kutangaza kanuni hii na kutekeleza ile. Kwa Fuller, anayeshindwa kabisa katika lolote kati ya hayo hajatunga sheria mbaya, hajatunga sheria. Nakubaliana naye, lakini nataka kuongeza jambo linaloonekana vizuri zaidi sokoni kuliko mahakamani: sheria inayobagua haimdhuru kwanza mvunjaji. Humdhuru mtiifu. Aliyeambiwa arudi nyuma ya mstari akarudi, anawaona wateja wakiishia kwa aliyebaki mbele. Aliyehamia eneo alilopangiwa anakaa na nyanya zake hadi zinalainika, huku mwenzake aliyegoma akiuza mapema na kwenda kulala. Kila siku utiifu unamgharimu, na gharama hiyo anailipa peke yake. Siku atakapochoka na yeye akasogea mbele, tutasema wafanyabiashara hawa hawana nidhamu.

Kuna pingamizi ninaloliheshimu. Mgambo anamwona mama mwenye mtoto mgongoni anauza karanga nje ya mstari, anageuza uso. Je, huo nao ni ubaguzi? Tukitaka kila kanuni ikate bila kutazama, kwa kuwa sheria ni msumeno, hatutabaki na mji unaoweza kukalika na watu maskini. Mimi naona tofauti ipo. Sababu ya huruma inaweza kusemwa mbele ya watu wote: tunamwacha huyu kwa kuwa ana mtoto mchanga, na yeyote mwenye hali kama yake tutamwacha pia. Hapo majirani wataridhika, au angalau watajua wabishane kuhusu nini. Upendeleo hauwezi kusemwa hivyo. Ukiulizwa kwa nini meza ile haiguswi, jibu ni kicheko au kimya. Kwa hiyo sidai kila mtu atendewe sawasawa. Nadai kila anayeachwa awe na sababu ambayo jirani yake anaweza kuisikia.

Tukirudi kwenye kufungwa kwa soko, wenye mamlaka hulitetea kama haki: hakuna aliyebaguliwa, wote wameondoka. Hiyo ndiyo hoja ya samaki mmoja akioza wote wameoza, nami naikataa inapogeuzwa kuwa sera. Kumfungia aliyelipa ushuru na kufagia eneo lake pamoja na aliyeuza pombe kwa watoto si usawa. Ni kukataa kuhukumu, yaani kukataa kufanya kazi ileile ya kutofautisha ambayo ilikwepwa tangu mwanzo. Mtiifu alilipa soko lilipokuwa wazi, sasa analipa tena linapofungwa.

Elinor Ostrom, aliyepata Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2009, alichunguza jamii zilizodumu zikitumia kwa pamoja malisho, misitu na maji, na akaona adhabu zao hupanda kidogo kidogo: kosa la kwanza dogo huvuta adhabu ndogo, anayerudia huongezewa. Waangalizi aghalabu walikuwa watumiaji wenyewe, au watu wanaowajibika kwao. Soko la usiku linahitaji utaratibu wa namna hiyo kuliko mahali pengine popote, maana saa mbili usiku ofisi ya halmashauri imefungwa na waliopo ni wauzaji na wateja tu. Kamati yao ikipewa nguvu ya kuonya, kutoza na kusimamisha, na daftari la waliotozwa likawa wazi, meza isiyoguswa itaonekana ndani ya wiki moja.

Basi kabla ya soko lolote kufungwa kwa sababu ya fujo, daftari la namna hiyo liletwe. Nani alionywa, lini, kwa kosa gani, na nani alifanya kosa hilohilo akaachwa? Muuza karanga na mchoma mishkaki wana haki ya kusikia majibu hayo kabla ya kuambiwa wafunge.