Kaliba ya Mkono

Sisi neno kaliba tunalitumia kwa watu kuliko kwa bunduki. "Yule si wa kaliba yako," utaambiwa, na wala hutafikiria risasi. Lina ndugu yake, kalibu, yaani umbo la kumiminia kitu kikapata sura. Wanaofuatilia asili za maneno husema yote mawili yanarudi kwenye Kiarabu, na kwamba Wazungu nao walilichota hukohuko kabla ya kulipeleka kwenye mitutu. Basi mtu akiigeuza bastola yake kutoka kaliba moja hadi nyingine, amegeuza nini hasa?

Swali lilinijia Manda, gatini, tukisubiri boti ya kuvukia Amu. Mwana ami alikuwa ameshuka na ndege ya Nairobi. Huko ana bastola ya milimita 9, ina leseni, aliitafuta baada ya majambazi kumwingilia nyumbani usiku watoto wamelala. Hakuja nayo. Ila maneno yake yote yalikuwa juu yake: anataka kuomba kibali cha seti ya kuifanya ipige risasi za .22.

"Hizi za tisa zinanimaliza mfuko, mwana ami. Nikiweka point tu-tu napiga hata mia kwa siku. Yaani inakuwa kama ya watoto tu."

Si ya watoto, na .22 imeua watu wengi tu. Lakini tuliache hilo kwanza. Kichwa cha risasi ya .22 kina uzito wa kama gramu 2.6, cha milimita 9 hukaribia gramu 8. Ile ndogo haina nguvu ya kuirudisha nyuma slaidi nzito ya chuma, kwa hiyo seti huja na slaidi nyepesi, mtutu wake, springi yake na magazini yake. Kinachobaki ni fremu: mpini, kifyatulio na nambari.

Marekani, kisheria, fremu hiyo ndiyo bunduki. Vile vingine vingi ni vipuri tu. Sheria yetu, Sura ya 114, ina mashaka zaidi, inahesabu na vipande. Mimi naona zote mbili zinatafuta mahali pa kubandika nambari, na ni haki yao, karani lazima aandike kitu. Fundi mmoja wa Matondoni aliwahi kuniambia hivyohivyo kuhusu jahazi: badilisha mbao, badilisha mataruma, tanga ndiyo usiseme, maadamu mkuku ni uleule basi chombo ni kilekile. Nilimuuliza, na mkuku ukioza je? Akacheka. Akasema, kama bado kinabeba mchanga wa watu walewale, ni kilekile.

Jibu hilo la pili ndilo ninalolitaka. Kitu kinabaki kilekile kwa kazi yake.

Na kazi ya seti hizi haikufichwa tangu mwanzo. Jeshi la Marekani lilikuwa na bastola ya .45 tangu 1911, na risasi zake zilikuwa ghali kwa mazoezi. Miaka ya 1930 kampuni ya Colt ikatoa bastola ya umbo lilelile inayopiga .22, kisha na seti ya kuigeuza ile kubwa. Maana yake yote ilikuwa mkono usione tofauti: mshiko uleule, kidole palepale. Chuma kinabadilishwa ili mtu asibadilike. Hapo kalibu ni bastola, na kinachomiminwa ndani yake ni mkono.

Nilimwambia hivyo. Akanitazama kama nimeingia jua.

"Sasa wewe wataka nisijifunze? Siku wakirudi nipige risasi ukutani, impate mtoto wa jirani?"

Hoja nzito hiyo, na siidharau. Aliyeamua kuwa nayo heri aijue. Na tulikuwa tumekaa Manda, ambako tarehe 1 Oktoba 2011 watu wenye silaha walimchukua mwanamke Mfaransa nyumbani kwake wakaondoka naye kwa boti hadi Somalia, akafia huko. Ng'ambo, bara, ndiko iliko kambi ya Manda Bay iliyoshambuliwa 5 Januari 2020. Watu wa huku hawahitaji mimi niwaelezee hofu.

Lakini angalia seti inaondoa nini. Inaondoa teke, inapunguza kishindo, inapunguza bei. Hivyo vitatu ndivyo pekee vinavyomkumbusha mpigaji uzito wa anachokifanya. Bega linashtuka, sikio linalia, mfuko unauma. Mwili unasema ebo. Ukiviondoa, unabaki na kidole kinachojua njia bila kuulizwa, mara mia kwa siku. Kidole hicho kitarudishwa kwenye milimita 9, na hakitakuwa na habari kwamba kitu kimebadilika. Huo ndio ustadi aliotaka, najua. Ila mimi namwogopea kidogo mtu ambaye mkono wake umetangulia.

"Basi jizoeze na hizohizo za tisa," nikamwambia. "Chache. Lipa bei yake."

"Utalipa wewe?"

Boti ikafika. Mpaka leo hajanunua hiyo seti, na anasema kinachomzuia ni bei.