Ushahidi wa Kutoweza

Mwalimu mmoja wa riadha, mtu mzima ninayemheshimu, aliniambia hivi karibuni kwamba mkimbiaji anayeweza kuipangilia mbio ya mita 1,500, akajua lini ajizuie na lini achomoke, hawezi kuwa na ulemavu wa akili. "Akishinda maana yake anajua. Sasa kama anajua, mlemavu wa nini?" Waliokuwepo wakacheka, mjadala ukaishia hapo. Kwangu haujaisha, na kila nikiutafakari unazidi kuniudhi.

Maana ya ulemavu wa akili isitucheleweshe. Katika mashindano ya kimataifa inatakiwa IQ isiyozidi 75, shida ya dhahiri katika kumudu shughuli za maisha ya kila siku, na hali hiyo iwe imejitokeza kabla ya utu uzima. Mwanasaikolojia ndiye anayepima na kutia saini. Tuendelee.

Mashaka ya mwalimu yana historia. Mwaka 2000, kwenye Paralimpiki ya Sydney, Hispania ilitwaa dhahabu ya mpira wa kikapu kwa wenye ulemavu wa akili. Muda mfupi baadaye mmoja wa wachezaji, Carlos Ribagorda, ambaye kumbe alikuwa mwandishi wa habari, alianika kwamba wachezaji 10 kati ya 12 hawakuwa na ulemavu huo. Yeye mwenyewe, alisema, kipimo chake kilikuwa kupiga pushapu sita na kuangaliwa shinikizo la damu. Kamati ya Kimataifa ya Paralimpiki ikachunguza, ikakuta uhakiki umeoza, na mwaka 2001 ikafunga mlango. Ikamfungia nani? Waliodanganya walikuwa na akili timamu, lakini waliotolewa nje ni wenye ulemavu wa akili wa dunia nzima. Hata wale wawili wa kweli katika timu ile walipoteza medali zao. Athens 2004 ikapita, Beijing 2008 ikapita, hadi London 2012 ndipo wakarudishwa, tena kwa michezo mitatu tu: riadha, kuogelea na mpira wa meza. Aliyekuwa na miaka 20 wakati wa Sydney alikuwa amefika 32.

Na baada ya adhabu hiyo yote, bado tunaambiwa kwamba akishinda hana ulemavu.

Tuitazame hoja hii vizuri, maana wanaoitoa huidhani ni akili ya kawaida. Muogeleaji mwenye mkono mmoja akituacha mbali majini, hakuna anayesema mkono wake wa pili upo. Kasi yake haifuti ulemavu wake, kwa kuwa mkono tunauona haupo. Akili haionekani, kwa hiyo mwenye ulemavu wa akili tunamdai autangaze kwa kushindwa, na kushindwa kwenyewe kuwe kwa kila kitu: kukimbia, kufunga kamba za viatu, kujibu swali la mtangazaji. Akishika mkia tunampigia makofi na kumpa pole. Akishika nafasi ya kwanza tunataka vyeti. Mashindano ambayo kushinda kwenyewe ni ushahidi dhidi ya mshindi hayawezi kumpata mshindi halali hata yakirudiwa miaka mia.

Linaloniudhi zaidi ni kwamba walaghai wa Hispania walikuwa na imani ileile. Ribagorda alisimulia kwamba katika mechi mojawapo, timu ikiwa mbele kwa pointi nyingi, benchi la ufundi liliwataka wapunguze moto wasije wakashtukiwa. Walijua sisi watazamaji tunaamini nini kuhusu mlemavu, wakaicheza imani yetu. Mwalimu wangu anajiona analinda michezo dhidi ya watu kama hao, kumbe kipimo chake ndicho walichojificha nyuma yake.

Halafu kuna hilo neno "anajua", analolibebesha kila kitu. Kukimbia kwa mwendo uliozoeshwa mazoezini ni jambo moja. Kuubadilisha mpango ghafla kwa sababu mpinzani amechomoka mapema ni jambo jingine kabisa. Wanasaikolojia na watafiti waliotengeneza njia ya kuwarudisha wanariadha hawa, wakiwemo wa Chuo Kikuu cha Leuven nchini Ubelgiji na mwanasaikolojia Jan Burns wa Uingereza, hawakuishia kwenye IQ. Waliuliza ulemavu wa akili unaugusa vipi mchezo wenyewe, wakapima wepesi wa kuitikia, kumbukumbu, na uwezo wa kupanga na kubadilisha mpango. Ilionekana kwamba wakimbiaji wenye ulemavu wa akili hupata taabu zaidi kushikilia mwendo waliopangiwa kuliko wenzao wasio na ulemavu. Mfano wa mwalimu, basi, umeangukia palepale ulemavu unapouma. Na huyo anayemwona akishinda anawashinda watu wenye ulemavu kama wake! Jambo rahisi namna hiyo linahitaji kuelezwa mara ngapi?

Ugumu wa kweli uko kwingine. Kuweza hakuigiziki: hakuna anayekimbia mita 1,500 chini ya dakika nne kwa kujifanya. Kutoweza kunaigizika na yeyote mwenye kalamu na nia mbaya. Ndiyo maana karatasi iliyojaa majibu mabovu peke yake haimwambii mwanasaikolojia mengi. Lazima atafute ripoti za shule, historia ya utotoni, maneno ya waliomlea. Mwanariadha anatakiwa athibitishe kutoweza ofisini na kuweza uwanjani, na kila ushahidi unautia doa mwenzake.

Hapa huwa nakumbuka utafiti ninaoupenda kuliko tafiti zote za akili. Mwaka 1979 Robert Serpell alichapisha ulinganisho wa watoto wa Zambia na wa Uingereza katika kunakili maumbo. Kwa penseli na karatasi, Waingereza waliongoza. Kwa waya, Wazambia waliongoza. Kwa udongo walikaribiana. Yeyote aliyekulia mitaani kwetu akasukuma gari la waya alilolipinda mwenyewe, lenye usukani unaokata kona, hahitaji kuelezwa sababu. Sasa fikiria kijana wa Tandahimba au Kwale anayewekewa mbele kipimo ambacho viwango vyake vilikadiriwa kwa watoto wa Marekani. Akipata 74, tumepima akili yake au tumepima umbali wake na penseli? Tena hapa kosa linamfungulia mlango, wakati shuleni kosa hilohilo lingemfungia. Sijui nifurahi au nilie.

Zipo hoja za haki zaidi: kwamba mwanasaikolojia mara nyingi huletwa na shirikisho lilelile linaloitaka medali, kwamba tofauti ya 75 na 76 ni ndogo kuliko kosa la kawaida la kipimo, na kwamba wenye sindromu ya Down hawana daraja lao kwenye Paralimpiki. Hizo nazikubali, na sina dawa yake. Mlango ukilegezwa, akina Hispania wataingia. Ukikazwa, atakayebaki nje ni yule ambaye hakuwahi kuwa na faili wala ripoti ya shule, naye ndiye mwenye haki zaidi ya kuingia.

Kesi ya Hispania ilihukumiwa Madrid mwaka 2013. Washtakiwa 18 waliachiwa. Aliyekuwa rais wa shirikisho la Hispania la michezo ya wenye ulemavu wa akili, Fernando Martín Vicente, aliamriwa kurudisha ruzuku ya euro 142,355 na kulipa faini ya euro 5,400.