Msimtupie Afande Mwana Wenu

Wazazi wenzangu wa Singida, nimechoka na maneno haya. Kila kijana akikamatwa na kuku wa jirani au betri ya bodaboda, utasikia: "Apelekwe jeshini akanyooshwe." Nayasikia msibani, nayasikia stendi ya Misuna, na wengi wanaoyasema hawajalala kambini hata usiku mmoja.

Mimi nililala. JKT, iliyoanza mwaka 1963, ilitulimisha, ikatukimbiza mchakamchaka kabla ya jua. Faida yake siikani. Ila mnasahau jambo moja: anayeomba kujitolea JKT hutakiwa awe na mwenendo mzuri na asiwe amewahi kupatikana na hatia. Jeshi linasubiri kijana aliyekwisha kulelewa, nanyi mnataka likawalelee.

Wamarekani walijaribu. Kuanzia mwaka 1983, Georgia na Oklahoma, kisha majimbo mengine, walifungua kambi za kijeshi za vijana wahalifu: kwata, kunyolewa kipara, afande kufoka puani mwa kuruta. Watafiti walipowafuatilia waliotoka, waliwakuta wanarudia makosa karibu sawa na wenzao waliokwenda jela. Kijana alirudi ana kifua kipana, mtaa uleule, marafiki walewale, kazi hana.

Kwetu, Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 hairuhusu aliye chini ya miaka 18 kuhukumiwa kifungo. Mahakama inaweza kumweka chini ya uangalizi, kumkabidhi kwa mtu anayefaa, au kumpeleka Shule ya Maadilisho Irambo, kule Mbeya. Huyo mtu anayefaa ndiye anayenisumbua usingizi. Afisa ustawi wa jamii anakuja nyumbani kuuliza habari za mtoto, anaambiwa baba kasafiri. Baba mwenyewe yuko kijiweni anacheza bao!

Namjua mjomba mmoja wa Ikungi aliyesema, "Nipeni mimi." Akamweka kijana aliyeiba betri kwenye mashine yake ya kukamua alizeti: abebe magunia, asafishe chujio, ajaze mashudu kwenye viroba, na jioni ahesabu mauzo. Ndiyo, mwizi ahesabu fedha. Mjomba alizihesabu tena mbele yake kila siku, bila kufoka, bila kumkumbusha betri ya watu. Kazi hiyo inachosha kuliko kupuliza filimbi, na hakuna serikali itakayokufanyia.

Basi afisa ustawi akibisha hodi, mfungulieni, na baba awepo.