Maji ya Paa ni ya Nani?

Mvua inaponyesha uwanjani haina mwenyewe. Hudondokea mchanga wa kila mtu, ikazama au ikafuata mteremko, na palipolowa hapana wa kushtakiwa. Ikinyeshea paa, habari hubadilika. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja ya maji. Kwa hiyo paa la mita za mraba 100, likipata milimita 50 katika alasiri moja ya masika, hukusanya lita 5,000, yaani tani tano. Gata huzipokea tani hizo kwenye ukingo wa paa na kuzielekeza kwenye tundu moja. Yaliyokuwa matone yaliyotawanyika yamekuwa mkondo, na njia ya mkondo huo imechaguliwa na mtu. Yakiharibu kitu, je, ni kazi ya Mungu au ni kazi ya mwenye paa?

Wanasheria wa Roma ya kale walilijibu swali hili kwa kutenganisha haki mbili: haki ya kuacha maji ya upenu yadondokee kiwanja cha jirani tone kwa tone, na haki ya kuyamwaga huko kwa mkondo. Mwenye haki ya kwanza hakuwa, kwa sababu hiyo tu, na ya pili. Anayeacha maji yadondoke ameiachia mvua mwendo wake, ila ameusogeza kidogo. Anayeyakusanya ametia mkono. Warumi walikwenda mbele zaidi. Aliyeliogopa jengo bovu la jirani aliweza kumtaka mwenyewe atoe ahadi rasmi ya kufidia kabla halijaanguka jiwe hata moja. Hofu yenye msingi, kabla ya hasara yoyote, ilihesabiwa kuwa jambo la kisheria.

Katika Uislamu swali lilipata jibu la kina zaidi, na jibu hilo linaihusu pwani ya Afrika Mashariki moja kwa moja, kwa kuwa Waislamu wengi wa pwani hii hufuata madhehebu ya Shafi. Katika Minhaj at-Talibin, kitabu cha Imamu Nawawi aliyefariki mwaka 1277, mlizamu, yaani bomba la kumwagia nje maji ya paa, unaotokeza njiani umeruhusiwa, lakini unachokiharibu kina dhamana juu ya mwenyewe, kwa kauli mpya, yaani ya baadaye, ya Imamu Shafi. Kisha hufuata hesabu ya ajabu. Ikiwa sehemu moja ya mlizamu imo ukutani na iliyotokeza nje peke yake ndiyo iliyoanguka, mwenyewe hulipa fidia yote. Ukianguka wote, hulipa nusu. Msomaji wa leo anaweza kuiona hesabu hiyo kuwa mchezo wa maneno, lakini ndani yake imo hoja nzito. Kilichomo ukutani kimo katika milki ya mtu, na milki haihitaji ruhusa. Kilichotokeza kimeazima anga ya watu wote, na ruhusa ya kuazima ina sharti la usalama. Vikianguka pamoja, nusu ya sababu ni halali tupu na nusu ni ile yenye sharti.

Kisa cha Umar bin al-Khattab na mlizamu wa Abbas, ami yake Mtume, kinaonyesha upande wa pili. Imepokewa kwamba siku moja ya Ijumaa Umar alikuwa akienda msikitini na nguo zake za swala, akamwagikiwa na maji yenye damu ya makinda ya ndege waliochinjwa nyumbani kwa Abbas. Akaamuru mlizamu ung'olewe, akarudi kubadili nguo. Abbas alipomweleza kwamba Mtume mwenyewe ndiye aliyeuweka mahali pale, Umar alimtaka apande mgongoni mwake aurudishe. Kisa hiki husimuliwa zaidi kama sifa ya unyenyekevu wa Umar. Kuhusu maji chenyewe kimenyamaza, na mpita njia wa Ijumaa iliyofuata alipita chini ya mlizamu uleule. Haki ya kuwa na mlizamu ilithibitishwa. Namna ya kuutumia ilibaki juu ya dhamiri ya mwenye nyumba.

Dhamiri haiwezi kufanya kazi bila kujua, na hapa ndipo ugumu wa swali ulipo. Gata haivunjiki ghafla kama chungu. Hutoa dalili kwa miezi, pengine kwa miaka, na kila dalili ni ndogo kiasi cha kupuuzwa. Mstari mweusi au wa kutu ukutani, chini ya kiungio, unaonyesha kwamba maji yanapita nyuma ya gata badala ya ndani yake. Majani yanayoota juu yanaonyesha kwamba ndani mna udongo, na penye udongo maji hayapiti. Maji yakiwa bado yamesimama siku kadhaa baada ya mvua, mteremko umepotea kwa sababu vishikio vimelegea, na viluwiluwi vya mbu huwa vya kwanza kufaidika. Ubao wa ukingo wa paa ukibonyea kwa kidole, umeoza, na misumari haina tena cha kushika. Chini, mfereji mwembamba uliochimbwa na matone sambamba na ukuta, lipu inayovimba, na unga mweupe wa chumvi unaotoka ukutani ni ushahidi kwamba maji yameanza kuutafuta msingi. Katika nyumba za matumbawe na chokaa za Lamu na Mji Mkongwe wa Zanzibar hatari hujificha zaidi, kwani vichwa vya boriti za mikoko vimezikwa ukutani. Unyevu huvila humo gizani huku dari ya chumbani ikiwa bado safi. Dalili nyingi za gata huonekana vizuri mvua ikiwa inanyesha, wakati ambao kila mtu mwenye akili amejifungia ndani.

Je, asiyezitazama dalili hizo anaweza kusema hakujua? Aristotle, katika Maadili ya Nikomako, alikataa. Kutojua kunakotokana na uzembe, alisema, hakumwondolei mtu lawama, kwa kuwa kutazama kulikuwa katika uwezo wake. W. K. Clifford wa Uingereza aliusukuma mjadala mbele mwaka 1877 kwa mfano wa mwenye meli aliyejibembeleza mpaka akaamini kwa dhati kwamba meli yake mbovu ni nzima. Kwa Clifford, ukweli wa moyo wake haukumwokoa. Alikuwa na hatia hata kama meli ingefika salama. Mwenye nyumba anayepaka rangi juu ya doa la unyevu ni ndugu wa mwenye meli huyo. Rangi haikuondoa maji, iliondoa ushahidi, na mtu wa kwanza kudanganywa ni aliyeshika brashi.

Utetezi uliobaki ni wa kadari: mvua ni rehema na mja hana amri juu yake. Utetezi huu una ukweli nusu. Itikadi ya Kiashari, iliyoenea kwa Masuni wa madhehebu ya Shafi, inafundisha kwamba vitendo vyote huumbwa na Mungu, lakini mwanadamu huvichuma, na kwa kuchuma huko huulizwa. Mafundisho hayo yanalifaa paa kuliko mifano mingi ya vitabuni: mvua imeumbwa, gata imeichuma. Kitabu cha Mhubiri katika Biblia, sura ya 10, nacho kinaweka paa lililozama na nyumba inayovuja kwenye hesabu ya mikono mivivu. Mawingu hayatajwi.

Kinga yenyewe ni nyepesi kuliko mjadala wake. Gata husafishwa kabla ya vuli na kabla ya masika, na mara nyingi zaidi pakiwa na mwembe au mwarobaini juu ya paa. Hupewa mteremko wa kama nusu sentimita kwa kila mita, vishikio visiachane zaidi ya mita moja. Na bomba la kushushia huishia mbali na msingi. Shida ni hilo neno mbali. Katika uchochoro wa mjini, mbali na msingi huu ni karibu na msingi ule. Methali ya ufa na ukuta huhesabu hasara ya mwenye nyumba peke yake na haina neno kwa jirani anayepokea maji yaliyokwepeshwa. Ndiyo maana tangi au birika la kuvunia maji lina uzito wa kimaadili kupita faida yake ya ndoo: aliyeyakusanya anabaki nayo.

Katika nyumba za kupanga swali hugawanyika, kwa kuwa anayeziona dalili si mwenye uwezo wa kuzirekebisha. Mpangaji huweka beseni chini ya tone. Mwenye nyumba yuko mji mwingine. Wanazuoni wa Hanafi waliligusa jambo hili katika hukumu ya ukuta ulioinama. Kwao, mwenye ukuta uliojengwa wima kisha ukainama hadhamini mpaka aonywe, apate muda wa kutosha, kisha akae bila kufanya kitu. Onyo kwa mpangaji wa nyumba yenye ukuta huo halihesabiwi, kwa kuwa hana mamlaka ya kuubomoa. Lakini ukuta ukiinamia njia ya watu, mpita njia yeyote anaweza kumwonya mwenyewe. Na ukiinamia nyumba ya jirani, wanaokaa humo kwa kodi wana haki ya kudai kama mwenye nyumba hiyo.