Kipele na Imani
Unywele wa kipilipili ukinyolewa karibu mno na ngozi hujikunja, huichoma na kuleta kipele. Ndiyo maana wanaume wengi weusi hushauriwa kulainisha ndevu kwa maji ya uvuguvugu, wembe ufuate uelekeo wa nywele, ngozi isivutwe. Wengine dawa yao ni kuacha kunyoa tu.

Idara ya polisi ya Newark, Marekani, iliwaruhusu askari wenye vipele hivyo kufuga ndevu. Waislamu wawili wa Suni waliotaja dini wakakataliwa.

Mwaka 1999 mahakama ya rufaa iliwapa haki: huwezi kuupokea udhuru wa ngozi ukaudharau wa imani. Hoja nzito, lakini imeegemea kipele. Kama idara isingemsamehe hata mgonjwa, imani ingeshinda kwa nguvu zake yenyewe?