Tafakuri ya Ramadhani, Siku ya 17: Mbwa Mzee Ana Haki Gani?



Swali la leo wengi hulikwepa, maana akitajwa mbwa tu mtu hukusanya kanzu yake. Lakini wapo kati yetu wenye mashamba, mbuzi na maghala, na wamefuga mbwa wa ulinzi. Mbwa huyo akishazeeka, anakudai nini? Na ukihitaji mlinzi mwingine, inafaa kumchukua mbwa mzee aliyetupwa na wenyewe, badala ya kutafuta kitoto?

Tuanze na yale tunayoyajua. Sisi wa madhehebu ya Imam Shafi tunashika kwamba mate ya mbwa ni najisi, na chombo alichokiramba kinaoshwa mara saba, moja kwa udongo. Mtume ﷺ pia ametufundisha kwamba anayefuga mbwa bila haja hupungukiwa thawabu kila siku, akawatoa katika hukumu hiyo mbwa wa mifugo, wa shamba na wa kuwinda. Hayo yako palepale. Ila najisi ni hukumu ya kuosha. Haikuwa hata siku moja ruhusa ya kupiga mawe, kunyima maji au kumwagia kiumbe maji ya moto.

Sasa mtazame huyo mbwa wako. Miaka tisa amelala nje, masika na kiangazi, wewe umelala ndani. Mwizi alipokuja, yeye ndiye aliyekuamsha. Leo mdomo umeota mvi, macho yameingia ukungu, meno yamekwisha. Mtu anapita langoni, yeye anasikia mwisho. Wengine wetu hapo hufanya nini? Anatiwa kwenye gunia, anapakiwa kwenye pikapu, anashushwa mbali, sokoni au jaani, asijue njia ya kurudi. Kisha tunasema, "Nimemwachia Mungu."

Hebu tuipime kauli hiyo. Mnakijua kisa cha mwanamke aliyeadhibiwa kwa sababu ya paka. Alimfungia, hakumlisha, wala hakumwachia akajitafutie wadudu wa ardhini. Utasema: basi mimi si kama yeye, mimi nimemfungulia. Lakini kumfungulia yule paka kungemwokoa kwa sababu alikuwa na uwezo wa kujitafutia. Mbwa asiye na meno, asiyeona, aliyezoea kulishwa na mkono wako, akajitafutie nini jaani? Kamba umeitoa shingoni, njaa umemwachia.

Wanazuoni wetu hawakuliacha jambo hili hewani. Sheikh Izzuddin bin Abdissalaam, mwanachuoni mkubwa wa Kishafi aliyefariki mwaka 660 Hijria (1262), katika kitabu chake Qawaid al-Ahkam ametaja haki za wanyama juu ya binadamu. Miongoni mwa haki hizo ni kulishwa inavyomstahiki, hata akilemaa au akiugua asiwe na faida tena kwa mwenyewe. Umesoma vizuri? Asiwe na faida tena. Maana yake ulaji wa mnyama haukuwa mshahara wa kazi, ukome siku kazi inapokoma. Ni amana iliyo shingoni mwako tangu siku ulipomtia mkononi.

Mtu atauliza: haja ya ulinzi ikiisha, si na ruhusa ya kufuga imeisha? Swali zuri, na undani wake muulize sheikh wako. Lakini hata ukiona huwezi kukaa naye tena, haki yake ya kutodhulumiwa haijaisha. Mtafutie atakayemtunza. Hapo ndipo vinapokuja vituo vya kuhifadhi wanyama. Nairobi, kwa mfano, kipo chama cha KSPCA kinachopokea mbwa waliotupwa au kuteswa, na kuwatafutia wenyewe wapya. Lamu nako, kwa upande wa punda, The Donkey Sanctuary ya Uingereza wana kituo tangu mwaka 1987. Punda aliyebeba mawe na mchanga wa nyumba zetu hupata pa kutibiwa.

Katika vituo vya mbwa, vitoto huchukuliwa upesi. Wazee hubaki. Sasa wewe mwenye shamba, mwenye haja ya kweli, huna sababu ya kumdharau mbwa wa miaka saba. Huyo kishatulia, hatafuni viatu, anajua kubweka penye haja. Mchukue, hakikisha ana chanjo ya kichaa cha mbwa, mjengee banda lake nje, mtengee sahani yake. Lakini chukua ukijua kwamba atachoka akiwa mikononi mwako, na siku hiyo ndiyo utakayopimwa. Na wewe usiye na haja ya mbwa, hukulazimishwa kufuga. Bakuli la maji nje ya ukuta, makombo ya futari, au mchango wako wa dawa, vyote vinafika.

Ramadhani inaingia vipi hapa? Kumbuka yule mtu aliyeshuka kisimani akanywa, alipotoka akamkuta mbwa anaramba udongo kwa kiu. Hakujiuliza mbwa yule ni wa nani, wala atamfaa nini. Alisema moyoni kwamba kiu iliyompata mbwa ni ile ile iliyompata yeye. Akashuka tena, akajaza khofu yake maji, akaishika kwa meno akapanda, akamnywesha. Allah akamsamehe. Ujuzi wake wote ulikuwa kiu yake mwenyewe. Na sisi baada ya Alasiri tunao ujuzi huo huo, kooni kabisa. Tukifuturu tukausahau, tumefunga nini?

Jambo la mwisho. Moyo uliozoea kuuliza "ana faida gani tena?" hauliachi swali hilo bandani. Unaingia nalo ndani, kwa mlinzi mzee wa duka, kwa yaya aliyekulea, kwa babu aliyelala chumba cha nyuma. Nasi sote tunaelekea huko huko, na siku ile tutataka tuhurumiwe bila kuulizwa faida yetu.

Kazi ya leo: kabla ya magharibi, tafuta kiumbe mmoja asiye na faida yoyote kwako, mpe maji. Usimwambie mtu.

Allah atutakabalie saumu zetu, azilainishe nyoyo zetu, na asituache siku ya udhaifu wetu. Amin.

Mtumie na mwenzio mwenye shamba.